Uzito wa Kitufe na Kazi ya Karani: Historia ya Mashine za Kuandikia katika Utawala wa Rungwe, kutoka Boma la Tukuyu hadi Kata ya Kisiba

1.0 Utangulizi

Katika soko la leo la kibodi za kompyuta zipo swichi zinazouzwa kwa sababu ni nzito. Swichi za aina ya MX zinazotengenezwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani hutofautishwa kwa rangi, na kila rangi ina kipimo chake cha kani: nyekundu huitika kwa sentinyutoni 45, nyeusi kwa 60, na kijani kwa 80. Mnunuzi huchagua uzito anaoutaka kama mtu anavyochagua jembe linalomfaa mkononi. Wapo wanaopenda kitufe chepesi, na wapo wanaoona kitufe kisichopinga kidole hakina adabu. Kwa wote hao uzito ni suala la ladha.

Insha hii inajadili kipindi ambacho uzito wa kitufe haukuwa suala la ladha. Katika ofisi za utawala za Tanganyika, na baadaye Tanzania, taipureta zilihitaji kidole kipige, wala si kubonyeza tu. Maelezo yaliyozoeleka ya historia ya teknolojia huuchukulia ugumu huo kuwa upungufu wa mashine za zamani, ambao uliondolewa hatua kwa hatua na umeme kisha na kompyuta. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uzito wa kitufe ofisini ulitokana kwa sehemu kubwa na idadi ya nakala ambazo utawala ulizidai. Kwa hiyo uzito huo ulikuwa kipimo cha kazi, na kazi hiyo ilibebwa na mtu ambaye jina lake kwa kawaida halionekani katika hati aliyoiandika.

Eneo linalotumiwa kuijenga hoja hii ni Wilaya ya Rungwe, kuanzia boma la Tukuyu hadi Kisiba. Sababu ya kulichagua ni kwamba njia ya maandishi kati ya kata na boma inaonyesha wazi mahali ambapo kalamu iliishia na mashine ilipoanzia. Insha inaanza na historia ya maandishi katika eneo hilo, inaeleza uhusiano wa kani na nakala, inachunguza namna Kiswahili chenyewe kilivyoongeza mzigo wa kidole, kisha inarejea kwa karani na katibu mahsusi kabla ya kuhitimisha kwa swichi nzito za zama hizi.

2.0 Rungwe na Kisiba katika historia ya maandishi

Kisiba ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Jina hilohilo hutumika pia kwa ziwa la kreta ambalo vitabu vingi huliita Ziwa Masoko. Katika utawala wa Wajerumani, kikosi cha tano cha jeshi lao la koloni kiliwekwa Masoko, ilhali makao ya utawala wa kiraia yalikuwa Neu-Langenburg, mji ambao Waingereza waliurudishia jina la Tukuyu. Majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Jenerali Edward Northey yaliingia katika eneo hilo mwezi Mei 1916, na tangu hapo boma la Tukuyu likawa kituo cha utawala wa Kiingereza.

Maandishi yalitangulia utawala huo. Wamisionari wa Moravian walianzisha kituo chao Rungwe mwaka 1891, na katika mwaka huohuo wamisionari wa Berlin nao walifika Unyakyusa. Shule zao zilitoa kizazi cha kwanza cha Wanyakyusa waliojua kusoma na kuandika, na kutoka kizazi hicho na vilivyofuata walipatikana walimu, wainjilisti, wakalimani na makarani. Hao waliandika kwa mkono. Mwandiko mzuri ulikuwa sifa ya msomi, na mwandiko wa mtu ulitambulika kama sauti yake inavyotambulika.

Mabadiliko makubwa yalikuja na utawala usio wa moja kwa moja chini ya Gavana Donald Cameron. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 na Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ziliwaingiza machifu katika mfumo wa hazina, mahakama na taarifa. Kila ngazi ilipaswa kuandika kwa ngazi iliyo juu yake. Mfumo huo ulizaa aina mbili za maandishi. Barazani, karani wa mahakama aliandika shauri, faini na stakabadhi katika daftari kwa kalamu. Bomani, mambo hayo yaligeuzwa kuwa barua, taarifa ya mwezi au taarifa ya mwaka, nayo yalipigwa chapa kwa sababu yalipaswa kusafiri hadi makao ya jimbo na hadi Dar es Salaam.

Mpaka kati ya kalamu na taipureta ulikuwa, kwa hiyo, mpaka wa mamlaka. Neno lililotamkwa Kisiba liliandikwa mara ya kwanza kwa mkono, tena mara moja. Lilipofika Tukuyu lilipata sura ya chapa na likawa mengi. Kuwa mengi ndiko kulikohitaji nguvu.

3.0 Kani ya kidole na idadi ya nakala

Ili kuelewa kwa nini nguvu ilihitajika, ni lazima kueleza kwa ufupi namna taipureta inavyofanya kazi. Kitufe kimeunganishwa kwa mihimili na mkono wa chuma wenye herufi nchani. Kidole kinapokishusha kitufe, mkono huo hurushwa mbele, hugonga utepe wenye wino, na herufi huachwa kwenye karatasi iliyozungushwa juu ya rola. Safari ya kitufe cha taipureta huzidi sentimita moja. Ile ya swichi ya Cherry iliyotajwa hapo juu ni milimita 4 tu, nayo huitika ikifika milimita 2. Zaidi ya hayo, swichi ya kompyuta hufunga saketi na kazi yake ikaisha. Taipureta ilitumia nguvu ya kidole chenyewe kuandika: hapakuwa na chanzo kingine cha nishati.

Kwa karatasi moja, nguvu iliyohitajika ilikuwa ya wastani. Lakini ofisi ya utawala haikuandika karatasi moja. Barua moja ilikuwa na nakala ya kwanza kwa mpokeaji, nakala ya jalada, na mara nyingi nakala nyingine kwa idara zilizohusika. Karatasi hizo zilipangwa pamoja na karatasi za kaboni katikati, zikaingizwa kwenye rola kwa mkupuo mmoja. Pigo la kidole lilipaswa kupita katika utepe, karatasi ya kwanza, kaboni, karatasi ya pili, kaboni, na kuendelea hadi ya mwisho. Kila tabaka lilinyonya sehemu ya pigo. Karatasi za nakala zilitengenezwa nyembamba ili kupunguza hasara hiyo, lakini hazikuweza kuiondoa.

Watengenezaji wa mashine walilijua tatizo hilo. Taipureta nyingi za ofisini zilikuwa na kirekebishi cha mguso, yaani gurudumu dogo au wenzo uliokaza au kulegeza springi za vitufe. Neno la mwisho, hata hivyo, lilikuwa la nakala. Mpiga chapa aliyelegeza springi alikipa kidole nafuu wakati wa kushuka kwa kitufe, lakini bado alipaswa kuurusha mkono wa herufi kwa kasi ya kutosha kutoboa tabaka zote. Chuma kililegea, dai la ofisi halikulegea.

Stensili ilikuwa na masharti makali zaidi. Mtambo wa kuzidisha nakala uliohusishwa na jina la David Gestetner, ambaye kazi yake ya uvumbuzi ilianzia London mwaka 1881, ulitumia karatasi yenye nta. Mpiga chapa aliuondoa utepe katika njia ya herufi ili chuma kiikate nta moja kwa moja. Akipiga kwa unyonge, wino haukupita na herufi haikuonekana. Akipiga kwa nguvu kupita kiasi, herufi za mviringo kama "o" zilikatika kitovu chote na kuacha doa jeusi katika kila nakala. Alihitaji nguvu, na alihitaji nguvu hiyo iwe sawa kwa vidole vyote kumi. Waraka wa wilaya, mtihani wa shule na muhtasari wa kikao cha chama cha ushirika vilitegemea ustadi huo.

Mazingira ya Rungwe nayo yaliongeza uzito. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu ni adui wa chuma. Mihimili ya taipureta isiyosafishwa hupata kutu, na mafuta yanayotiwa ili kuizuia huganda na kushika vumbi, hivyo kitufe hushuka kwa shida na kurudi kwa uvivu. Mashine ileile ilikuwa nzito zaidi katika masika kuliko siku ilipotolewa sandukuni.

Jambo la kuzingatiwa na mwanahistoria ni kwamba nakala ya kwanza kwa kawaida haikubaki ofisini. Ilikwenda kwa mpokeaji. Iliyobaki jaladani ilikuwa nakala ya kaboni. Sehemu kubwa ya hati zilizotoka katika ofisi za wilaya na kuhifadhiwa kama kumbukumbu za ofisi hizo ni nakala za namna hiyo. Mtafiti anaposoma jalada la wilaya, anasoma kile ambacho pigo la kidole liliweza kukifikisha hadi karatasi ya pili, ya tatu au ya nne. Uzito wa kitufe, basi, haukuwa jambo la pembeni katika uundaji wa nyaraka: ndio uliofanya nyaraka ziwepo, na udhaifu wake ndio ulioacha mistari isiyosomeka.

4.0 Kiswahili, herufi "a" na kidole kidogo

Mpangilio wa herufi wa taipureta zilizoletwa Tanganyika chini ya Waingereza ulitokana na mashine iliyotolewa na kampuni ya Remington nchini Marekani katika miaka ya 1870. Mpangilio huo ulibuniwa kwa ajili ya Kiingereza. Mafunzo ya kupiga chapa kwa vidole vyote yaligawa vitufe kwa vidole, na katika mgawo huo herufi "e", inayotumika zaidi ya zote katika Kiingereza, iliangukia kidole cha kati cha mkono wa kushoto, ambacho ni kirefu na chenye nguvu. Herufi "a" iliangukia kidole kidogo cha mkono huohuo, kilicho dhaifu kuliko vyote.

Kwa Kiswahili mgawo huo una gharama. Herufi "a" ndiyo inayojirudia zaidi katika maandishi ya Kiswahili. Imo katika viambishi vya nafsi na vya wakati, imo katika viunganishi vya uhusiano kama "wa", "ya" na "la", na ndiyo inayofunga vitenzi vingi. Mfano mdogo unatosha. Katika maneno "Baraza la wazee wa kata ya Kisiba" kuna herufi 27, na kati ya hizo 10 ni "a". Katika maneno "Mahakama ya Mwanzo" kuna herufi 16, na "a" ni 6. Zaidi ya theluthi moja ya mapigo katika maneno hayo hupigwa na kidole kimoja, tena kilicho kidogo kuliko vyote.

Kidole hicho kilikuwa na kazi nyingine. Vitufe vya herufi kubwa viko pembeni mwa mashine na hushushwa na vidole vidogo. Katika taipureta za aina fulani, kitufe hicho huinua kibebeo chote cha karatasi pamoja na rola yake. Hivyo karani aliyefunzwa kupiga kwa kanuni alikuwa akiinua chuma na kuandika irabu kuu ya lugha yake kwa vidole vilivyo dhaifu kuliko vyote. Aliyejifunza mwenyewe na kupiga kwa vidole viwili vya shahada hakuwa na tatizo hilo: mapigo yake yalikuwa ya polepole, lakini yalikuwa sawa. Hapa kuna jambo ambalo walimu wa uhazili hawakuwa na sababu ya kuliona katika vitabu vya Kiingereza: kanuni ileile iliyomfaa mpiga chapa wa Kiingereza haikumfaa kwa kiwango hichohicho mpiga chapa wa Kiswahili.

Athari zake hazikuishia kwenye uchovu. Irabu ya mwisho katika kitenzi cha Kiswahili hubeba maana ya kisarufi. "Walipa faini" ni taarifa. "Walipe faini" ni amri. "Wahama bondeni" huarifu. "Wahame bondeni" huagiza. Tofauti yote imo katika herufi moja, "a" au "e", na herufi hizo mbili ni miongoni mwa zile ambazo tundu zake huziba upesi kwa wino na nyuzi za utepe zinaposhika kwenye chuma. Pigo dhaifu la "a" likipita katika kaboni tatu huacha alama ambayo jicho huweza kuisoma kama "e", au kama "o". Ndiyo maana mpiga chapa makini alikuwa na brashi na sindano ya kuzibua herufi, na ndiyo maana mtafiti anayesoma nakala ya chini hana budi kuipima irabu ya mwisho kwa muktadha kabla ya kuiamini. Ugumu wa kitufe, katika lugha hii, uligusa tofauti kati ya kilichotokea na kilichoamriwa.

Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya nguvu hiyo. Kiswahili husema "kupiga chapa" na "kupiga taipu", na mtendaji ni "mpiga chapa". Kitenzi "kucharaza", ambacho siku hizi hutumika kwa uandishi wa kompyuta, kilikuwapo kabla ya mashine hizo: mtu alicharaza ngoma, na mtoto mtundu alicharazwa bakora. Wasemaji waliopeleka kitenzi hicho kwenye mashine walieleza walichokiona na kukisikia, yaani mkono unaopiga na chuma kinachoitika.

5.0 Karani, katibu mahsusi na mkono usioonekana

Ni nani aliyepiga? Katika miongo ya kwanza ya utawala wa Kiingereza, karani alikuwa mwanamume, na nafasi yake ilikuwa ya heshima na ya mashaka kwa wakati mmoja. Alipata mshahara, alivaa suruali na viatu, na alijua siri za boma. Hata hivyo alibaki chini ya ofisa wa Kizungu, na mara nyingi chini ya karani wa Kiasia. Chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba kilitokana na tabaka hilo, na wanahistoria wamekihesabu miongoni mwa vyanzo vya siasa za kisasa za Tanganyika. Watu walioandika maneno ya wengine walianza kuandika ya kwao.

Katika Rungwe mfano unaojulikana zaidi ni wa Leonard Mwaisumo, karani Mnyakyusa aliyefanya kazi na wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson katika miaka ya 1930. Vitabu vya Monica Wilson kuhusu Wanyakyusa, kikiwemo kile cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika, vimesomwa duniani kote. Mchango wa Mwaisumo katika ujuzi huo ulipata uchunguzi wake maalumu miongo mingi baadaye, hasa katika utafiti wa Rebecca Marsland. Mwaisumo alikuwa mkusanyaji na mfasiri wa habari, si mpiga chapa tu, lakini kisa chake kinaonyesha kanuni pana: kazi ya karani huingia katika hati, na jina la karani hubaki nje.

Kwa mpiga chapa wa kawaida kanuni hiyo ilikuwa na alama yake. Desturi ya barua rasmi za Kiingereza ilikuwa kuweka herufi za mwanzo za jina la mtunzi wa barua kwa herufi kubwa, zikifuatiwa na mkwaju na herufi za mwanzo za mpiga chapa kwa herufi ndogo. Katika barua yenye kurasa nne na mapigo maelfu, mchango wa mwenye vidole uliandikwa kwa herufi mbili ndogo. Pale ambapo desturi hiyo haikufuatwa, hata hizo hazikuwepo.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, kazi ya kupiga chapa ilizidi kuwa ya wanawake, na mafunzo yake yakapangwa katika hatua za uhazili. Chuo cha Uhazili Tabora kilijulikana nchi nzima kwa mafunzo hayo, na baadaye kikawa sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Matangazo ya kazi ya halmashauri, Rungwe ikiwa miongoni mwake, yalibaki na lugha ya mfumo huo: Katibu Mahsusi Daraja la Tatu alitakiwa awe amehudhuria mafunzo ya uhazili, amefaulu mtihani wa hatua ya tatu, na awe na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 80 kwa dakika moja.

Kipimo hicho kinastahili kuzingatiwa. Utumishi ulipima kasi na usahihi. Kani haikupimwa, wala idadi ya mapigo kwa siku, wala hali ya vifundo vya mkono baada ya miaka 20 ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilitungwa mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, wakati ambapo taipureta ilikuwa tayari inaondolewa mezani. Walioandika kwa mashine nzito walistaafu kabla ya madhara ya vidole kuwa na lugha ya kisheria. Kwa maana hiyo, uzito wa kitufe haukuingia katika kumbukumbu ya utumishi, ingawa kumbukumbu hiyo yote iliandikwa kwa nguvu zake.

6.0 Umeme, marufuku ya mwaka 1974 na maisha marefu ya taipureta

Kama ugumu ulikuwa mzigo, kwa nini mashine hizo zilidumu? Nje ya Afrika Mashariki, mwaka 1961 kampuni ya IBM ilitoa taipureta ya umeme ya Selectric, ambayo mota ilifanya kazi ya kupiga na kidole kilitoa ishara tu. Nguvu ya pigo iliweza kurekebishwa kulingana na idadi ya nakala bila kumgharimu mpiga chapa. Mashine ya kunakili ya Xerox, iliyotangazwa mwaka 1959, ilianza kuondoa hata haja ya kaboni. Uhusiano wa kidole na nakala ulikatika.

Katika wilaya kama Rungwe uhusiano huo ulidumu kwa miongo mingi zaidi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umeme. Mashine ya umeme haina maana mahali ambapo umeme haupo au hukatika, na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulianza kazi mwaka 2007. Hadi wakati huo ofisi nyingi za kata na shule nyingi za vijijini nchini ziliandika bila umeme. Ya pili ni sera. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya matatizo yaliyotokea katika matumizi yake kwenye hesabu za serikali na kwa nia ya kulinda fedha za kigeni. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini kwa muda huo taipureta iliendelea kuwa mashine kuu ya dola.

Ni kinaya cha kihistoria kwamba kipindi hicho kilikuwa pia kipindi cha kuongezeka kwa maandishi. Sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 ilipeleka watumishi na mipango mikoani na wilayani, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilirudisha halmashauri za wilaya pamoja na kamati zake na mihtasari yake. Muhtasari wa mkutano uliofanyika kata ya Kisiba ungeandikwa kwa kalamu, na kama ulihitajika kwa wengi ungepelekwa kupigwa chapa. Nakala ziliongezeka, mashine hazikubadilika. Tofauti hiyo ililipwa na vidole.

Hata hivyo kitufe kizito hakikuwa mzigo mtupu. Mashine iliyotumia nguvu ya mwandishi haikumtegemea mtu mwingine. Ilifanya kazi usiku wa mvua, kwa taa ya chemli, mahali popote palipokuwa na meza. Fundi wa mtaani aliweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha kazini. Chama cha ushirika, tawi la chama cha siasa au usharika wa kanisa uliokuwa na taipureta moja na stensili ulikuwa na uwezo wa kusema kwa wengi bila ruhusa ya mtambo wa taifa. Ugumu uleule uliomchosha karani wa boma ulimpa mwandishi wa kijijini uhuru fulani.

7.0 Swichi nzito katika zama za kompyuta

Kompyuta ilipoenea, sababu ya kimaumbile ya kitufe kizito ilitoweka. Hakuna herufi ya kurushwa, hakuna kaboni ya kupenywa. Viwango vya Marekani vya mwaka 1988 kuhusu vifaa vya ofisini vilikubali kani ya kitufe kati ya nyutoni 0.25 na 1.5, na hata kikomo cha juu cha kiwango hicho ni hafifu kikilinganishwa na pigo la stensili. Lakini wabunifu hawakuacha ugumu wote. Kibodi ya IBM iitwayo Model M, iliyotolewa mwaka 1985, ilitumia springi inayopinda ghafla na kutoa mlio, ili mwandishi aliyezoea taipureta ajue kwa kidole na kwa sikio kwamba herufi imepokelewa. Ugumu uligeuka kuwa taarifa.

Swichi nzito za leo ni warithi wa uamuzi huo. Wanaozipenda husema zinapunguza makosa kwa kuwa kidole kilicholala juu ya kitufe hakiandiki bila kukusudia. Madai hayo yana mantiki. Tofauti yao na karani wa Tukuyu si ya kani tu: wao huweza kuibadilisha swichi, na nakala zao hazitegemei nguvu zao. Barua ya leo ikihitajika kwa watu 50, hupigwa mara moja na kuchapishwa mara 50. Tamko "Nakala:" lililobaki chini ya barua rasmi za Tanzania, likifuatiwa na orodha ya wapokeaji, ni mabaki ya zama ambazo kila jina katika orodha hiyo liliongeza tabaka kwenye rola na uzito kwenye kidole.

Katika kata yenyewe mpaka wa zamani haujafutika kabisa. Mwananchi anayeandika barua ya maombi kwa mkono huipeleka kwenye duka la steshenari ili ipigwe kwa kompyuta kabla ya kwenda ofisini, kwa imani kwamba maandishi ya chapa husikilizwa zaidi. Kitufe ni chepesi sasa, ila umbali kati ya kalamu na chapa bado una uzito wake.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba ugumu wa kitufe katika ofisi za Rungwe ulikuwa na historia yake ya kiutawala. Ulitokana na mashine isiyo na nishati nyingine ila mkono, lakini ulikazwa na mfumo uliodai nakala nyingi, na ukaongezwa na unyevu wa nchi, na mpangilio wa herufi ambao haukubuniwa kwa Kiswahili, na sera zilizochelewesha mashine nyingine. Imeonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya hati ambazo historia ya wilaya inaandikwa kwazo ni nakala za kaboni, yaani mabaki ya pigo.

Kwa watafiti wa historia ya utawala, hoja hii ina matokeo mawili ya kimbinu. Kwanza, nakala isomwe kwa kuzingatia tabaka lake: irabu ya mwisho iliyofifia katika nakala ya chini isichukuliwe kuwa ushahidi wa hali ya kitenzi bila kuthibitishwa kwa muktadha au kwa nakala nyingine. Pili, herufi ndogo zilizo karibu na kumbukumbu namba ya barua ziorodheshwe pamoja na jina la ofisa aliyetia saini. Ni alama ndogo, lakini katika majalada mengi ndiyo njia pekee ya kumfikia mtu aliyeiandika hati, na kupitia kwake kuanza kuihesabu kazi ambayo utumishi haukuipima.